Maono Yanamdai Nani?

Kilio cha msiba kilikuwa huku Katuba, Lubumbashi, usiku, umeme umekatika tangu jioni. Jenereta ya kukodi ilinguruma nyuma ya ukuta, na viti vya plastiki vilijaa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, mzima hadi barabarani. Pasta mmoja kijana alikuwa akizunguka na mikro akikusanya ushuhuda. Akafika kwa nkambo, bibi mmoja mzee, aliyekaa kando ya mbabula, jiko la makaa, mguu mmoja nje ya sandali, mikono yake ikiota moto. Mtaani kwetu wote tunajua kwamba nkambo huyo aliwahi kuona kitu, zamani, bwana yake angali mfanyakazi wa mgodi kule Kolwezi. Ni kitu gani, hakuna anayejua.

"Nkambo, utupatie ushuhuda. Utuambie ulichoonyeshwa."

Akaipokea mikro, akaigeuza mkononi, akamrudishia.

"Ile nilishaifanyia kazi, mwana yangu."

Basi. Pasta akasema amina, akaanzisha wimbo, watu wakasimama.

Mimi nilibaki kwenye kiti.

Tangu usiku ule maneno hayo hayajanitoka kichwani. Nafundisha falsafa kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari, na kuhusu watu wanaosimulia maono nina mengi ya kusema, nimeyasema kila mwaka. Kuhusu mtu aliyeona, akatendea kazi, kisha akanyamaza, sikuwa na la kusema. Na kilichonisumbua zaidi ni hiki: kunyamaza kwake kulinifanya nimwamini. Kwa nini?

Mji usiopoteza imani

Mwaka 1917, mjini Munich, mwanasosholojia Mjerumani Max Weber aliwaambia wanafunzi kwamba ulimwengu wa kisasa umeondolewa mambo yake ya ajabu, kwamba sasa kila kitu kinaweza kukokotolewa. Miaka 90 baadaye mwanafalsafa Charles Taylor wa Kanada aliandika kitabu kinene akiuliza jinsi watu wa Magharibi walivyotoka katika hali ya mwaka 1500, ambapo kutomwamini Mungu kulikuwa karibu hakuwezekani, wakafika mahali ambapo imani ni chaguo moja kati ya mengi.

Ni swali zuri. Si la Lubumbashi.

Hapa kwetu kuna bomba refu la kiwanda cha shaba linaloonekana kutoka kila upande, kuna chuo kikuu, kuna malori ya madini yanayopita usiku na mchana, kuna simu mkononi mwa kila kijana. Na katika barabara hiyo hiyo moja kuna vyumba vya maombi mpaka huwezi kulala Ijumaa. Namfahamu injinia anayepima asidi kiwandani mchana kutwa, halafu usiku yuko kwenye kesha, amefunga, anangoja neno la nabii kuhusu ndoa ya binti yake. Huyo hajachanganyikiwa, wala hana mioyo miwili. Ni mtu mmoja, mwenye akili timamu, anayejua kwamba asidi haina habari na maombi yake na kwamba ndoa ya binti yake haipimwi kwa mizani.

Kwa hiyo wanafalsafa wanaotetea uwezekano wa kuamini hawatusaidii sana. Kuamini tunajua. Tunachokosa ni namna ya kuuliza maswali ndani ya imani bila kuonekana wasaliti wa ukoo na kanisa.

Mtoto wa mtaa wa pili

Hapo ndipo ilipo sababu ya mimi kuandika.

Wiki chache kabla ya kilio kile, mtaa wa pili kutoka kwetu, alifariki mchimbaji mmoja. Alikuwa akishuka kwenye mashimo tangu ujana, na kila aliyekaa naye alisikia kifua chake. Alikohoa mwaka mzima. Baada ya mazishi, familia ilienda kwenye chumba kimoja cha maombi, na mama nabii akafumba macho, akaona. Aliona mtoto wa dada wa marehemu, kijana wa miaka kama 9, akitoka usiku na kula pafu la mjomba wake.

Mtoto akafungiwa chumbani afunge na kuombewa. Siku nne bila chakula. Aliyemtoa ni jirani, mwanamke muuza makaa, aliyesimama mlangoni akapiga kelele mpaka barabara nzima ikajaa.

Nilimwona mtoto huyo kesho yake. Midomo imepasuka, na kila mtu mzima alipomkaribia alisema haraka, "Si mimi." Sikumuuliza kitu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Sasa niweke mambo mawili pamoja. Mama nabii aliona. Nkambo naye aliona. Siwezi kuingia kichwani mwa yeyote kati yao. Kama namwamini mmoja na kumkataa mwingine, nadaiwa sababu, na "huyu nampenda, yule simpendi" si sababu.

Alichokiri William James

Kati ya mwaka 1901 na 1902, mwanafalsafa Mmarekani William James alitoa mihadhara Edinburgh kuhusu aina za mang'amuzi ya dini. Kilichonivutia kwake tangu nilipokuwa chuoni ni kwamba aliungama waziwazi: yeye mwenyewe kwa maumbile yake hali hizo karibu hazimfikii, anazijua kwa kuambiwa. Hata hivyo hakuwacheka wenye nazo. Alitaja alama nne za hali hizo. Hazielezeki kwa maneno. Zinakuja na hisia ya kujua, si ya kusisimka tu. Hazidumu. Na mtu hujikuta ameshikwa, hazifanyi yeye.

Kisha akatoa hukumu ambayo mpaka leo sijaona iliyo bora. Hali hizo zina haki ya kumtawala kabisa yule zilizomjia. Hakuna wa kumwambia "hukuona". Lakini mamlaka yake hayavuki kwenda kwa jirani. Asiyeona hana wajibu wa kupokea bila kuchunguza. Akaongeza jambo la tatu ambalo wapenda sayansi hulipita mbio: kuwepo tu kwa hali hizo kunaonyesha kwamba akili yetu ya kila siku, ya kuhesabu na kupima, si njia pekee ya kuujua ulimwengu.

Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, alikuwa amefika karibu na hapo miaka mia nane kabla yake. Alikuwa mwalimu mkuu Baghdad. Mwaka 1095 sauti ilimkauka mbele ya wanafunzi, hakuweza hata kufundisha, akaacha cheo na kuondoka. Baadaye aliandika kwamba daktari aliye mgonjwa anaijua fasili ya afya, sababu zake na dawa zake, na afya yenyewe hana. Mimi, nikifundisha juu ya maono, ni daktari huyo.

Basi, kwa kanuni ya James, mama nabii alivuka mpaka. Alichoona kilikuwa chake. Hakikuwa na mamlaka juu ya tumbo la mtoto wa watu. Kwa siku kadhaa nililala vizuri na jibu hilo.

Karatasi ndani ya koti

Kuna mtu mwingine aliyenijia akilini nikimfikiria nkambo. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, tangu kama saa nne na nusu mpaka saa sita na nusu ya usiku, Blaise Pascal, mtaalamu wa hesabu, alipatwa na jambo. Aliandika neno moja katikati ya mstari: Moto. Chini yake: Mungu wa Abrahamu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wasomi. Aliishona karatasi hiyo ndani ya bitana ya koti lake. Kila alipobadilisha koti aliifumua na kuishona tena. Alipofariki mwaka 1662, mtumishi aliisikia kwa vidole, kitu kigumu ndani ya nguo.

Miaka minane aliitembeza juu ya mwili wake bila kuichapisha.

Naye Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania ambaye Kanisa Katoliki linamheshimu kuliko karibu wote katika mambo haya, alikuwa mkali kwa maono kupita wakana Mungu wengi. Alifundisha kwamba roho isiyashike, isiyatamani, isiyajengee kitu. Sababu yake ndiyo iliyonifanya nisimame nikisoma: kama maono yametoka kwa Mungu, jema lake hutendeka papo hapo yanapotokea, hakuna haja ya kuyahifadhi.

Nilishaifanyia kazi, mwana yangu.

Mfungwa wa Elisabethville

Lakini jibu la James lilianza kuvuja, na aliyelitoboa alifariki hapa hapa mjini.

Simon Kimbangu, nabii wa Kongo ya chini, alisikia sauti ikimwita, akaikimbia, ikamfuata. Tarehe 6 Aprili 1921 aliweka mikono juu ya mwanamke mgonjwa katika kijiji jirani na Nkamba, kijiji chake. Ndani ya majuma machache watu waliacha mashamba, wakaacha hospitali za misheni, wakatembea kwenda kwake. Septemba akakamatwa. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo Oktoba 1921, mfalme Albert akageuza adhabu kuwa kifungo cha maisha, na akaletwa huku Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Elisabethville, mbali na watu wake. Alifariki akiwa mfungwa tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30.

Kama mamlaka ya maono hayavuki kwenda kwa jirani, Kimbangu alipaswa kukaa kimya kijijini. Kama Pascal, ashone karatasi kwenye nguo. Siwezi kukubali hilo. Wala simfahamu Mkongomani anayeweza, hata asiyesali. Kuna sauti ambazo zikimjia mtu mmoja zinakuwa za watu wengi, na kumwambia nabii azifungie nyumbani ni kuiambia dini ife kwa adabu.

Nikajaribu njia nyingine: tuangalie nani analipa. Kimbangu alilipa yeye mwenyewe, kwa maisha yake. Mama nabii alilipisha mtoto, tena yeye akapewa sadaka.

Njia hiyo nayo haifiki mbali. Watu wamekufa kwa hiari kwa ajili ya mambo ya uongo, na wameua wakiwa tayari kufa. Kuteseka kunaonyesha kwamba mtu hasemi uongo. Hakuonyeshi kwamba anasema kweli.

Hapo nilikwama kabisa.

Baba na mama wa Jamaa

Nikaenda kwa nkambo. Nilimkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alinipa kigoda, akaendelea kutwanga, na majani mabichi yalikuwa yakirukia mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Sikumuuliza alichoona, nilimuuliza kuhusu Jamaa, kundi la Wakatoliki la zamani, kwa sababu yeye na bwana yake walikuwa humo.

Wenzangu wa kitivo cha falsafa wanamjua Padri Placide Tempels kwa kitabu kimoja tu, kile cha falsafa ya Kibantu kilichochapishwa hapa Elisabethville mwaka 1945, kinachodai kwamba kwa Mbantu kuwepo ni kuwa na nguvu. Wanafalsafa Waafrika walikipinga, Eboussi Boulaga alikichambua bila huruma, Hountondji vilevile: Mzungu mmoja hawezi kuandika fikra za mamilioni kana kwamba wote wanawaza kitu kimoja bila kujua. Wana haki. Lakini Tempels hakuishia kwenye kitabu. Miaka ya 1950, katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, kule Kolwezi, alikaa na wachimbaji na wake zao, na kutoka katika mikutano hiyo ikazaliwa Jamaa, kwa Kiswahili chetu, juu ya mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke waliingia pamoja. Padri naye alikuwa mtoto wa mtu, si baba peke yake. Baadaye kulitokea migawanyiko, kukawa na makundi yenye shutuma nzito, na maaskofu wakaufunga mlango katika miaka ya 1970. Sisemi ilikuwa paradiso.

"Ndoto zilikuwa nyingi?" nilimuuliza.

"Nyingi. Ukiota, unaipeleka kwa baba na mama yako wa Jamaa, wale waliokuzaa. Hawakuulizi kama ni ya kweli. Wanakuuliza: sasa utafanya nini?"

"Na kama ndoto imekuonyesha kwamba jirani ni mulozi?"

Mulozi kwetu ni mchawi. Hapo aliacha kutwanga.

"Ile haiko ndoto yako. Ni ya jirani. Wewe utaifanyia kazi namna gani?"

Nimesoma vitabu vingi juu ya mambo haya, na sijakuta aliyeliweka hivyo. Maono ni deni, na deni lina jina la mdaiwa. Yaliyomjia Kimbangu yalimdai Kimbangu kwanza: yeye aondoke, yeye aweke mikono, yeye akamatwe. Waliomfuata hawakuburutwa, kila mmoja aliamka kwa miguu yake, na kila mmoja akadaiwa la kwake. Maono ya mama nabii hayakumdai yeye kitu chochote. Hakuna alichopaswa kufanya isipokuwa kunyosha kidole. Mtu ambaye ameonyeshwa, na hakuna hata kazi moja iliyomwangukia yeye, hajaonyeshwa kitu. Amempata wa kumlaumu.

Na kuna jambo la pili, ambalo falsafa inaweza kulisema bila kumsubiri nkambo. Mtu akisema "nilikutwa na uwepo ulionishinda", sina la kupinga. Akisema "mtoto huyu ndiye aliyemwua mjomba wake", ametoka kwenye maono, ameingia kwenye habari za mapafu, vumbi na kifua kikuu, na habari hizo zina njia zake za kuchunguzwa. Kuona kwa macho yaliyofumba hakumsamehi mtu kazi ya kuleta ushahidi.

Nakiri mgawanyo huu una mshono. James mwenyewe alisema hali hizo huja kama kujua. Nikitenga uwepo upande mmoja na habari upande mwingine, huenda namwachia mwenye maono joto la moyo tu na kumnyang'anya alichojua. Pascal hakuandika furaha tu. Aliandika neno yakini, tena mara mbili. Nimelizungushazunguka hili na sijapata mahali pa kulitua. Ninachoweza kusema ni kwamba yakini yake ilikuwa juu ya Mungu, haikuwa juu ya kosa la mtoto wa jirani.

"Na kama kweli ni Mungu?"

Niliyapeleka darasani. Niliwasomea Mwanzo 22, pale Abrahamu anapoambiwa amtoe mwanawe sadaka, kisha nikawaeleza mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alivyoandika mwaka 1798: Abrahamu alipaswa kuijibu sauti ile kwamba, kutomwua mwanangu mwema ni jambo nililo na hakika nalo, kwamba wewe unayenitokea ni Mungu, hilo sina hakika nalo, wala siwezi kuwa nayo, hata sauti ikishuka kutoka mbinguni.

Darasa lililipuka.

"Mwalimu, na kama kweli ni Mungu?" aliuliza kijana mmoja wa mbele. Mwingine akasema Kant hakumjua Mungu wa Abrahamu, alimjua Mungu wa shule. Nikawapa Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, wa mwaka 1843, aliyemtetea Abrahamu kwa kutetemeka, akakubali kwamba kwa macho ya maadili huyo ni mwuaji na hakuna namna ya kulilainisha. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: "Kwa kanuni hiyo ya Kant, nani angeacha kitanda cha hospitali kwenda Nkamba?"

Nilimjibu kwamba aliyeacha kitanda alihatarisha mwili wake mwenyewe, na Kant hakuwa akizungumza juu ya huyo. Hakuridhika. Akasema wengine walibeba watoto wagonjwa.

Ana haki, na jibu lake sina. Ila kwa mtoto wa mtaa wa pili nilishachagua: hapo nasimama na Kant, na sitangoja mpaka mjadala wa Abrahamu uishe.

Kipengele cha 41

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mkutano wa wazazi. Baada ya mambo ya ada na sare niliomba dakika chache. Niliwasomea kipengele cha 41 cha Katiba yetu ya mwaka 2006, kinachokataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumsingizia uchawi, na nikawaambia kuna sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inayotoa adhabu.

Baba mmoja akanyosha mkono. Mzee wa kanisa, ninamheshimu. "Mwalimu, ina maana serikali inasema balozi, wachawi, hawapo?"

Nikamwambia: "Hapana, baba. Sheria haiulizi kama wapo. Inauliza nani amemshtaki mtoto."

Akakaa. Mkutano ulipoisha alinifuata uwanjani, akaomba nakala mbili, moja yake na moja ya kupeleka kwa pasta wake.